Inchi Kumi za Goli la Kabiria

Mtu asiniambie kwamba mwaka wa sabini chuo chetu kilishinda ligi kwa dawa. Hilo nimelisikia mara nyingi, na juzi nimelisikia tena kwa kinyozi hapa Waithaka, kutoka kwa jamaa ambaye mwaka huo hata mama yake alikuwa bado shuleni. Nilimwacha amalize kunyolewa, kisha nikamweleza. Dawa haikuwepo. Nilikuwepo mimi, Nashon Were, kipa wa chuo na mwanafunzi wa useremala, na zilikuwepo mbao nilizozikata kwa mkono huu huu.

Wacha nianze na majeneza, maana ndiko mambo yalikotokea. Baba yangu mdogo, Tobias, alikuwa na karakana kule Samia, karibu na soko la Funyula, na kazi yake ilikuwa hiyo moja tu. Nilipomaliza shule ya msingi alinichukua, nikampigia randa miaka mitatu. Hakuwa mtu mbaya, lakini kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Ukimwambia jirani fulani anaumwa, atasema pole, halafu utaona macho yake yanatembea polepole kwenda kwenye mbao. Akisalimiana na mtu njiani anamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, na huyo mtu anajua kabisa kwamba amepimwa. Wasichana walikuwa wakifika karibu na karakana yetu wanavuka barabara. Nilipopata nafasi katika chuo cha ufundi Nairobi niliapa sitatengeneza jeneza tena, hata likiwa langu.

Sasa elewa jambo moja. Jeneza hupimwa ndani. Lazima, kwa sababu mtu ndiye anayeingia, na unene wa mbao haumhusu marehemu. Mkono wangu ulijua hivyo na haukujua vingine.

Chuo chetu kilikuwa Kabiria, na kilikuwa na karakana tatu, bweni moja la mabati, na uwanja wa mpira ulioinama kidogo upande wa mtoni. Mwalimu wa useremala aliitwa Zachariah Kihara, mwenyeji wa papa hapa Waithaka, mtu mwembamba wa maneno machache, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka namna gani. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa timu pia, si kwa sababu alijua mpira, bali kwa sababu walimu wengine walikataa. Mpira ulikuwa unamchosha. Mbao ndizo alizozijua, na kwa mbao alikuwa hana mchezo.

Katika mwaka wangu wa kwanza alipata kazi ya milango katika nyumba moja kubwa kule Karen, akatugawia sisi wanafunzi. Mimi nilipewa fremu nne. Nikazipima nilivyojua, ndani. Kumbe fremu ya mlango hupimwa nje, kwa sababu fundi wa mawe ameshaacha tundu lake ukutani na fremu ndiyo inayotakiwa kuingia. Za kwangu zilikataa kuingia, zote nne, mbele ya mwenye nyumba na mbwa wake wawili. Kihara hakupiga kelele. Alinitazama tu, akasema, "Were, nyumba hii haina maiti. Beba."

Nikabeba. Fremu moja begani, kutoka Karen mpaka Kabiria kwa miguu, wenzangu wakinipita ndani ya lori na kunipungia mikono. Pale Dagoretti sokoni wanawake waliniuliza hiyo nyumba yangu yenye mlango bila kuta naipeleka wapi. Bega lilivimba, lakini bega si kitu, aibu ndiyo iliyoniuma. Siku hiyo nikajiapiza kwamba mimi na kupima ndani tumeachana kabisa.

Mwishoni mwa mwaka wa sitini na tisa mchwa wakamaliza magoli ya zamani. Ule mti wa juu, mtambaapanya, ulianguka katikati ya mechi na kipa wa wageni akaponea chupuchupu. Kihara akaniita, akanipa kazi ya kutengeneza magoli mawili mapya, na akasema kazi hiyo ndiyo itakayotiwa alama kwa ajili ya cheti changu. Alinipa karatasi iliyoandikwa futi ishirini na nne kwa nane, basi. Sikuuliza za ndani au za nje. Mtu aliyebeba fremu kutoka Karen haulizi swali kama hilo mara ya pili. Nikapima nje.

Nguzo zangu zilikuwa na unene wa inchi tano kila moja, mbao safi za saipras, nimezipiga randa mpaka mkono unateleza. Kimo hakikuwa na taabu, kwa sababu mtambaapanya ulilala juu ya nguzo. Ni upana tu. Kihara akaja na tepu yake, akapima kama anavyopima fremu yoyote, kutoka nje mpaka nje, akaitikia kwa kichwa, akaandika. Hakuna aliyeshuku kitu. Goli ni goli, nani hulipima?

Ligi ilikuwa na vyuo nane, kila kimoja kinakutana na kingine nyumbani na ugenini. Mwaka uliotangulia tulikuwa wa sita, tena wa sita kwa huruma. Mshambuliaji wetu alikuwa Oloo, mwanafunzi wa mabomba kutoka Gem, kijana mwenye mbio na mdomo wenye mbio zaidi. Tangu wiki ya kwanza ya mazoezi alilalamika kwamba magoli yangu ni madogo. Tulimcheka. Tukamwambia asiyejua kucheza husingizia uwanja. Basi akakaza, na wenzake wakakaza, kila jioni wanapiga mpira ugonge mlingoti kwa ndani ndipo uingie. Walipokwenda ugenini wakakuta goli limefunguka kama zizi. Manne, matatu, matano. Oloo alikuwa anarudi anaimba njia nzima kutoka mjini mpaka Kawangware.

Nyumbani ikawa hadithi nyingine. Mechi saba tulicheza pale Kabiria, na hakuna mpira hata mmoja ulionipita. Ulikuwa unagonga mlingoti, unarudi, watu wanashika vichwa. Ugenini nilifungwa, sikatai, nilifungwa tisa, na karibu yote yalipitia pembeni, lakini kila moja nilikuwa na sababu yake. Hili lilikuwa upepo, hili lilikuwa jua, lile lilikuwa beki aliyelala. Watoto wa Kawangware wakanibandika jina la Ukuta. Nikavimba kichwa, kusema kweli. Nilikuwa natembea na glavu zimening'inia mfuko wa nyuma hata nikienda kanisani.

Ndipo akaja Bwana Mwololo. Alikuwa msimamizi wa timu ya kampuni moja ya rangi kule Industrial Area, mtu mnene mpole mwenye kofia. Alisimama nyuma ya goli langu mechi mbili nzima. Baada ya ile ya pili aliniambia kwamba kipa wao anaacha, na kampuni inahitaji seremala. Nafasi zote mbili zingeweza kuwa za mtu mmoja. Atakuja kuniangalia kwenye fainali, na nikidaka kama alivyoniona nikidaka, barua ya kazi itanifikia Jumatatu.

Unaelewa maana yake kwangu. Chuo kilikuwa kinafunga Novemba. Sikuwa na ndugu Nairobi wa kunilaza hata siku mbili. Kama sikupata barua ile, njia yangu ilikuwa moja, basi la usiku kwenda Samia, na kule baba mdogo alikuwa ameshaniandikia kwamba kazi ni nyingi, watu wazee wamekuwa wengi, na anangoja mkono wangu. Nilikuwa naiota ile harufu ya karakana yake na kuamka na jasho.

Fainali ilikuwa kati ya timu mbili za juu, kwenye uwanja wa yule mwenye pointi nyingi. Mwenye pointi nyingi tulikuwa sisi. Waliotufuata walikuwa wa chuo kimoja cha biashara cha mjini, na nahodha wao aliitwa Kivuva, Mkamba mmoja mrefu, mstaarabu, asiyeamini jambo mpaka aliandike. Hao tuliwafunga mbili bila hapa Kabiria, na siku hiyo walikuwa wamegonga mlingoti mara tatu. Wakaketi wakafikiri. Wakaandikia kamati ya ligi kwamba kwenye goli la Kabiria kuna kitu kimefukiwa.

Kamati ilikutana katika ofisi moja ya ghorofani pale Government Road. Nilikwenda na Kihara, yeye amevaa tai, mimi nimevaa shati la kuazima. Wale wazee wa kamati hawakusema wanaamini dawa, na hawakusema hawaamini. Waliamua tu kwamba Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, Kivuva na wenzake wawili waje na jembe, wachimbe mpaka waridhike, mwalimu wetu akiwepo. Wakati tunashuka ngazi Kihara alisema kwamba katika miaka yake yote ya useremala hajaona mtu akitafuta dawa kwenye saipras.

Ijumaa saa nane mchana wakaja. Wakachimba mdomo wa goli langu mpaka ukawa shamba la viazi. Walipata kifuniko cha soda, msumari mmoja, na mfupa wa mbuzi ambao ulizua mjadala mrefu mpaka Oloo alipoapa kwamba mbuzi huyo alimla yeye mwenyewe. Dawa haikuonekana. Mimi nilikuwa nimesimama pale nachemka. Uwanja wangu umechafuliwa, jina langu limechafuliwa, na Kivuva bado anakuna kidevu. Basi huu mdomo wangu, ambao hakuna aliyeuomba kitu, ukafunguka.

"Mmeshachimba," nikasema. "Sasa pimeni. Goli hili nimelitengeneza mimi."

Kihara akaleta tepu ndefu, ile ya ngozi inayozungushwa kwa mkono. Kivuva akashika ncha yake, akaibana kwenye mlingoti wa kushoto, upande wa ndani. Alikuwa mtu wa hesabu, si seremala, naye alipima pale mpira unapopita. Mimi nikaenda na tepu mpaka mlingoti wa kulia. Nilipoinama kuilaza kwa ndani ndipo nikagundua kwamba tangu nitengeneze goli lile, hapo sijawahi kuiweka tepu.

Futi ishirini na tatu na inchi mbili.

Nilidhani tepu imelegea. Nikaivuta. Ikabaki pale pale. Kivuva akaniuliza kutoka upande wa pili ni ngapi. Nikamwona Mwololo na kofia yake, nikaiona barua, nikamwona baba mdogo ananitazama kutoka utosini mpaka vidoleni.

"Ishirini na nne," nikasema. "Kamili."

Kivuva akatoa kidaftari chake, akaandika. Kisha akafanya jambo lililoniumiza kuliko yote ya siku ile. Aliniomba msamaha. Akanipa mkono, akasema wamenikosea, na yeye na wenzake wakashika jembe wakafukia mashimo yote waliyochimba, tena vizuri, wakiyakanyaga kwa viatu vyao vya mjini. Asiyekubali kushindwa si mshindani, akasema, tutakutana kesho. Wakaenda zao.

Kihara alikuwa anazungusha tepu polepole. Alingoja mpaka wametoka kwenye lango.

"Ilisoma ngapi?"

Nikasema ishirini na nne. Akaniuliza tena, sauti ile ile. Nikamwambia ukweli.

Akaketi chini. Na suruali yake ya kazini, iliyopigwa pasi, akaketi kwenye udongo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Hakuhitaji karatasi. Tano na tano, kumi. Alijua papo hapo tulikofanya kosa.

"Nilikufundisha milango," akasema. "Na mimi nilikagua kama mlango. Hilo kosa ni letu sote wawili. Lakini ile ishirini na nne uliyoitamka ni yako peke yako."

Nililipuka. Mungu anisamehe, yule alikuwa mwalimu wangu na mtu mzima, lakini nilimwambia yote. Kwamba ni yeye aliyenibebesha fremu kama punda mpaka nikaogopa kupima ndani. Kwamba magoli yote mawili yako sawa, wageni na wenyeji wamepiga kwenye tundu lile lile, hakuna aliyeibiwa. Kwamba yeye ana shamba lake na ng'ombe wake hapo Waithaka, akitoka kazini anafika kwake kabla chai haijapoa, ndiyo maana ukweli ni rahisi kwake. Mimi nisipopata barua ile naenda kupima maiti maisha yangu yote. Nilisema mpaka machozi yakanitoka, sioni haya kusema hivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli, hakuna timu iliyoonewa. Akasema cheti changu kimeshatiwa sahihi na kiko ofisini, hatakigusa. Kisha akasimama, akajipangusa, akasema anaenda kwake kunywa chai. Akirudi atafungua karakana. Akinikuta pale, tutafanya kazi. Asiponikuta atafunga mlango, kesho tutacheza kwenye goli lilivyo, na yeye hatamwambia mtu mpaka anaingia kaburini. Akaondoka, wala hakugeuka nyuma.

Watu wakisimulia mambo yao hupenda kusema hapo ndipo dhamiri iliwasuta. Mimi nilielekea bwenini. Nilifika mpaka kwenye bomba la maji. Pale nikasimama nikawa nafikiria yale mabao tisa ya ugenini. Si upepo, si jua, si beki. Ni pembeni, pembeni, pembeni, kiasi cha kiganja. Mwaka mzima nilikuwa naitwa Ukuta na sikujua kama kipa ni mimi au ni zile mbao. Nilitamani kujua. Na yule Kivuva na viatu vyake vya mjini, anakanyagia udongo wangu, hakutaka kutoka machoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata hiyo fupi ilinishinda mimi, iliniishia bombani.

Nikamwita Oloo na wengine wanne wa useremala, nikawaeleza. Oloo alicheka mpaka akashika ukuta. Mwaka mzima alikuwa amesema goli ni dogo, na mwaka mzima tulimwita mzembe. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona tunachoweza kupoteza. Akauliza jembe liko wapi.

Kihara alipofika alitukuta sote sita mlangoni mwa karakana. Alikuwa na birika la chai kutoka kwa mkewe, akaliweka juu ya benchi, akakunja mikono ya shati. Sikuwahi kuona mikono yake juu ya kifundo. Tukatengeneza miti miwili mipya ya juu, kila mmoja kwa mbao mbili zilizounganishwa kwa mshazari na kukazwa bolti. Tukang'oa nguzo moja moja ya kila goli, tukaisogeza inchi kumi, tukashindilia kokoto. Kihara alipima mara nne, ndani. Tulimaliza jua likiwa bado kwenye miti ya upande wa Dagoretti, na mgongo wangu ulikuwa umekufa.

Jumamosi, kabla mpira haujaanza, nilimwendea Kivuva. Nikamwambia jana nilimdanganya, na tepu hii hapa, apime mwenyewe. Akapima. Ishirini na nne. Akatazama ule udongo mbichi kwenye mguu wa nguzo, akanitazama mimi, na hakuwa mjinga.

"Basi dawa ilikuwepo," akasema. "Na umeichimbua mwenyewe."

Hakwenda kwa mwamuzi. Alirudi kwa wenzake akafunga kamba za viatu.

Mwololo alisimama nyuma ya goli langu, mahali pake pa siku zote. Oloo alifunga dakika ya kumi na akafunga tena kabla ya mapumziko, maana goli lilikuwa limemfungukia nyumbani kama lilivyozoea kumfungukia ugenini. Katikati ya hayo mawili likaja langu. Kivuva alipiga chini, kuliani kwangu. Niliruka. Nilijua niliruka vizuri, na mkono ulifika pale ulipozoea kufika. Pale ambapo siku zote mlingoti ulinisaidia hapakuwa na mlingoti. Mpira ulipita kwenye ncha za vidole, katika nafasi niliyoifungua mimi mwenyewe jana yake. Kipindi cha pili ukapita mwingine, upande ule ule.

Wenzangu wakaongeza mawili, tukashinda nne kwa mbili. Uwanja wote ukamwagika ndani, wanawake wa Kabiria wanapiga sufuria, Oloo yuko juu mabegani kwa watu na kombe kichwani. Mimi nilibaki golini. Bwana Mwololo akaja, akavua kofia. Alinipongeza kwa kombe, kisha akasema kwa upole kwamba alidhani upande wangu wa kulia una nguvu zaidi. Nikamwambia goli lilikuwa dogo kwa inchi kumi na jana nimelipanua. Akacheka sana, akanipiga bega. Alisema amesikia visingizio vya makipa miaka kumi na tano, lakini hicho ni kipya.

Jumatatu barua ilikuja kweli. Ilikuwa ya Oloo. Kampuni ilikuwa na mabomba pia. Nilipaswa kumfurahia na sikuweza, nilikuwa na wivu na uchungu, na siku tatu sikumsalimia. Siku ya nne alikuja mwenyewe, akaketi kitandani kwangu, yakaisha.

Novemba nikapanda basi. Baba mdogo alinipokea stendi ya Funyula, akanitazama utosini mpaka vidoleni, akasema nimepungua. Miaka minne nilipima ndani. Picha ya timu niliitundika karakana, na wafiwa walipokuwa wanangoja gundi ikauke waliniuliza mimi ni yupi, nikawaonyesha aliyesimama pembeni na glavu. Kazi haikuniua. Nilitengeneza majeneza mazuri, na hilo nalo nalisema bila haya. Lakini hakuna asubuhi niliyoamka nikaipenda.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa Agosti, ikaja barua yenye mwandiko mwembamba ulioandikwa kwa rula chini yake. Chuo kinaongeza karakana, aliandika Kihara, na ameambiwa atafute msaidizi wa kufundisha useremala. Wako wengi wenye vyeti bora kuliko changu, hilo alitaka nilijue. "Lakini mimi nataka mtu ambaye akiona kazi yake ina kosa ataichimbua hata kama imeshasifiwa. Njoo na patasi zako." Kuhusu mpira hakuandika hata mstari mmoja.

Nilimsomea baba mdogo. Akatazama mbao, akasema jeneza lililokuwa benchini atalimalizia mwenyewe.

Nilifika Kabiria asubuhi, kabla wanafunzi hawajatoka bwenini. Sikwenda ofisini kwanza. Magoli yangu yalikuwa bado yamesimama, rangi imebanduka kidogo. Niliweka sanduku la patasi kwenye nyasi, nikatoa tepu, nikafunga ncha yake kwenye mlingoti wa kushoto, ndani, nikaivuta mpaka wa kulia. Nilipoinua kichwa Kihara alikuwa amesimama njiani, funguo mkononi, shati limefungwa mpaka shingoni, nywele zimeanza mvi.

"Ilisoma ngapi?" akauliza.

"Ishirini na nne."

"Kamili?"

"Kamili, mwalimu."

Hakuja kuangalia. Aligeuka akaenda kufungua karakana, nami nikakunja tepu nikamfuata.